Kabla hujaitupa ile kompyuta: dhana potofu kuhusu intaneti ya nyumbani na mashine za zamani

Mwalimu mmoja mstaafu wa Pasua, hapa Moshi, aliniita nyumbani kwake. Alikuwa ameshawekewa intaneti ya faiba. Taa za ruta zilikuwa za kijani zote, na wajukuu walikuwa wanaangalia video kwenye simu bila shida. Kompyuta yake ya mezani ya mwaka 2009 ndiyo iliyogoma: kila ukurasa aliofungua ulimwambia muunganisho si salama.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Aliyekuja kufunga amesema hii imechoka, ninunue nyingine. Na pensheni yenyewe unaijua."

Mashine ile haikuwa imechoka. Ilikuwa inaamini kwamba leo ni Januari 2009.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, na maneno kama aliyoambiwa mwalimu nayasikia kila wiki. Yananiuma, kwa sababu mtu anatoa laki kadhaa kununua kitu ambacho tayari anacho. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

"Kurasa hazifunguki, basi kompyuta imekufa."

Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna betri ya kidonge, ukubwa wa sarafu, aina ya CR2032, volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa wakati mashine haina umeme. Kompyuta ya mezani ikibaki imechomekwa, saa hutumia umeme wa ukutani hata kama umeizima. Lakini wengi wetu tunazima swichi ya soketi kila usiku, tukiogopa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo betri hubeba mzigo huo peke yake. Baada ya miaka kadhaa inakwisha, na saa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani.

Tarehe inahusianaje na intaneti? Karibu kila tovuti siku hizi, kuanzia ya benki hadi ya barua pepe, huonyesha cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Kompyuta iliyoko mwaka 2009 inaona cheti ambacho bado hakijaanza kutumika, na inakikataa. Inafanya kazi yake sawasawa kabisa, ila imepewa siku isiyo ya kweli.

Nilibadilisha betri, nikarekebisha tarehe, kurasa zikafunguka. Mwalimu alikaa kimya kidogo. "Kumbe ni hiki tu?" Ndiyo, ni hicho tu, na hata mafundi wa saa huwa nayo betri hiyo.

Ukisharekebisha saa na bado tovuti zinagoma, angalia umri wa kivinjari. Kwenye Windows XP, Firefox iliishia toleo la 52. Kwenye Windows 7, Chrome iliishia la 109, mwanzoni mwa 2023. Kivinjari kilichoachwa nyuma hushindwa kuelewana na tovuti za leo hata kama waya na ruta ni vizima.

"Faiba ni ya kompyuta mpya."

Uzi wa faiba haufiki kwenye kompyuta. Unaishia kwenye kile kisanduku walichofunga ukutani, na kuanzia hapo ni waya wa kawaida wa mtandao au waifai. Kompyuta haijui kama intaneti imekuja kwa faiba, kwa laini ya simu au kwa mnara.

Tuangalie umri. Kiwango cha kadi za mtandao za megabiti 100 kwa sekunde kilipitishwa mwaka 1995. Mkongo wa SEACOM, waya wa faiba wa chini ya bahari unaoleta intaneti, ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kwa hiyo kadi yenye uwezo huo ilikuwepo miaka 14 kabla ya mkongo wenyewe. Kama umelipia kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde, kadi hiyo ina nafasi mara tano ya unachohitaji. Waya nao unaruhusiwa kwenda hadi mita 100. Nyumba zetu nyingi hazifiki hapo hata ukiuzungusha mpaka chumba cha uani.

"Lazima kwanza iwekewe CD ya kampuni."

Hiyo ilikuwa zamani, kompyuta ilipokuwa ikipiga simu yenyewe kuingia mtandaoni. Sasa ruta ndiyo inayojitambulisha kwa kampuni, na kompyuta inaomba anwani tu, yaani namba ya kuitambulisha mtandaoni, kutoka kwa ruta. Chomeka waya, subiri dakika moja.

Isipopata, kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaliangalii: kompyuta iliyotoka ofisini au shuleni mara nyingi bado imebeba anwani ya kudumu iliyowekwa kule, au maelekezo ya kupitia seva (kompyuta kuu) ya ofisi ile. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, chagua anwani ipatikane yenyewe, na ufute ile seva. Ukiona anwani inaanzia na 169.254, kompyuta imeomba na haikujibiwa. Kagua waya na tundu la ruta kabla ya kuifungua mashine.

"Haioni waifai, kadi imeungua."

Laptopu nyingi za zamani husikia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Ruta za sasa hutoa 2.4 na 5, na wakati mwingine anayefunga huacha 5 tu ikiwa wazi kwa kuwa ina kasi zaidi. Simu mpya inaiona, laptopu haioni, lawama zinakwenda kwa kadi. Ingia kwenye ruta kwa anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chake, uwashe 2.4. Masafa hayo hupenya kuta za tofali vizuri zaidi pia.

Jingine ni aina ya ulinzi wa waifai. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018, na kadi nyingi za kabla ya hapo haziifahamu. Weka WPA2, ambayo bado ni ulinzi unaokubalika, lakini nywila iwe ndefu. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na waifai, mimi nashauri waya. Vile vifaa vidogo vya waifai vya kuchomeka USB mara nyingi huhitaji programu yake, na kuipata programu hiyo unahitaji intaneti ambayo bado huna.

"Nimelipia 20, napata 2.5. Nimeibiwa."

Hujaibiwa. Kampuni inahesabu megabiti. Kompyuta, unapopakua faili, inahesabu megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 20 kwa 8.

"Video inakwamakwama, mtandao ni mbovu."

Hapa kuna kipimo ambacho yeyote anaweza kukifanya. Tazama ule mstari chini ya video ya YouTube. Sehemu nyekundu ni ulichokwisha kutazama, na ya kijivu ni kile kilichokwisha kupakuliwa. Kama kijivu kiko mbele sana na picha bado inarukaruka, mtandao umeleta mzigo wote na prosesa ndiyo inayoshindwa kuufungua. Video nyingi sasa hubanwa kwa njia za VP9 na AV1, ambazo mashine za zamani hazikutengenezewa saketi ya kuzifungua. Shusha ubora hadi 480, au weka kiongezo cha kivinjari kiitwacho h264ify kinachoilazimisha YouTube ilete aina ya zamani zaidi. Kama kijivu na nyekundu vinakwenda pamoja, hapo sasa unaweza kupigia kampuni.

"Antivairasi inatosha."

Katika yote, hili ndilo ninalolihofia. Chuma cha zamani hakina ubaya. Programu endeshi isiyolindwa tena ndiyo yenye ubaya. Windows XP iliacha kupokea viraka vya usalama Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Antivairasi ni mlinzi wa getini. Haizibi tundu lililo ukutani. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu duniani kote na kudai malipo, kikipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshaliziba miezi miwili kabla. Waliopigwa ni wale ambao kiraka hakikuwafikia. Ukiwa na Windows 7 leo, viraka havikufikii kabisa. Tafadhali usiingie benki kwa mashine ya namna hiyo.

Dawa ipo na ni bure. Linux Mint, programu endeshi ya kuweka badala ya Windows, ile nyepesi ya Xfce, inakwenda kwenye kompyuta ya biti 64 yenye RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndiyo raha. Prosesa za Core 2 Duo za 2006 zina biti 64 tayari. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, unaijaribu bila kugusa kilichomo ndani. Waifai ikishika, sauti ikitoka na printa ikichapa, ndipo unaamua. Mwenye programu ya hesabu ya Windows pekee atakwama, na ni vizuri ajue mapema. Hamisha picha na nyaraka zako kwanza. Usimruhusu fundi yeyote, hata mimi, kuanza kabla hujaziona kwenye flashi nyingine.

Mwalimu aliijaribu Linux Mint siku mbili kisha akaikubali. Nilimwachia agizo moja la masika: ngurumo zikianza, chomoa kompyuta na ruta kutoka ukutani, na uchomoe pia waya unaoziunganisha. Uzi wa faiba ni kioo, haupitishi umeme, lakini waya wa mtandao ni shaba, na kishindo kikiingia kwa ruta kinapita humo mpaka kwenye ubao mkuu. Aliuliza kama saa haitapotea tena. Haitapotea, betri ni mpya.