Duka linauza, pesa haionekani: dhana potofu za fedha kwa wafanyabiashara wa Tanga

Biashara inaweza kufa huku wateja wamejaa. Wenzetu kadhaa wa Ngamiani, Chumbageni na Mabokweni wamefunga fremu bila kujua pesa imepitia wapi, na maneno yaliyowaponza ni yaleyale.

Dhana: Nikiuza sana, nina pesa.

Ukweli: mauzo ni mzunguko tu. Chukua duka la vyakula linalouza shilingi 300,000 kwa siku. Bidhaa hizo zilinunuliwa kwa 255,000. Inabaki 45,000, na humo utoe kodi ya fremu, umeme, posho ya kijana wa dukani na usafiri wa mzigo. Tuseme vyote vinakula 25,000. Faida ni 20,000. Sasa mwenye duka, kwa kuwa droo imejaa noti, anachukua 30,000 ya nyumbani kila jioni. Haibi, ni chake. Lakini kila siku anakula 10,000 ya mtaji, na mwezi ukiisha laki 3 zimeondoka. Rafu zinapungua kidogo kidogo, naye anasema biashara imekuwa ngumu siku hizi.

Dawa yake ni kujilipa mshahara. Panga kiasi kinacholingana na faida halisi, kichukue siku maalumu, na pesa ya duka ikae kwenye akaunti au laini yake. Mgeni akija nyumbani, ada ya mtoto ikidaiwa, harusi ikiita, vyote vitoke kwenye mshahara huo. Najua ni vigumu katika mji ambao shughuli haziishi, lakini bila mpaka huu mipango mingine yote haina msingi.

Dhana: Kuweka mahesabu ni kujichongea kwa TRA.

Ukweli: mara nyingi asiyeandika ndiye anayelipa zaidi. Kwa viwango vya wafanyabiashara wadogo vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka ambaye hana kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5, huyo wa pili analipa 30,000. Viwango hubadilika, kwa hiyo uliza vya mwaka huu.

Tena kwa Waislamu, ambao ni wengi hapa mjini, hesabu si jambo geni. Zaka ya biashara haitoki mpaka uthamini mali iliyopo dukani, uongeze fedha taslimu na madeni unayotarajia kulipwa, kisha ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, utoe asilimia 2.5. Anayefanya hivyo kwa uaminifu kila mwaka tayari anajua kama mali yake inakua au inapungua.

Dhana: Riba ya asilimia 10 kwa mwezi ni ndogo.

Ukweli: ndiyo hiyo mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu. Ukikopa milioni 1 kwa miezi 6, na riba ikapigwa kwenye mkopo wa mwanzo, kila mwezi unalipa 100,000 ya riba pamoja na sehemu ya deni. Mwezi wa sita umebakiwa na deni la kama 167,000 tu, lakini riba bado ni 100,000, yaani asilimia 60 kwa mwezi huo mmoja. Kabla ya kusaini, uliza: mpaka mwisho nitarudisha shilingi ngapi?

Dhana: Akiba ni kujaza mzigo, uwekezaji ni wa watu wa Dar es Salaam.

Ukweli: mzigo hauwezi kulipa kodi ya fremu mwezi ambao wanunuzi hawapo. Kusi ikivuma bahari huchafuka, na anayeishi kwa samaki lazima awe ameweka akiba wakati wa kaskazi. Pesa ya miezi mitatu ya matumizi iwe mahali unapoweza kuitoa haraka. Ya muda mrefu ndiyo ifikirie mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, au hatifungani, yaani kuikopesha serikali au taasisi ikulipe kwa riba. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Anayejiepusha na riba atafute akaunti zinazoendeshwa kwa misingi ya Kiislamu.

Dhana: Nikiondoka, watoto wataendeleza.

Ukweli: mali ya marehemu hulipa madeni kwanza, kisha ndipo warithi hugawana. Kama ulichukua mali kauli, yaani bidhaa za kulipia baadaye, na umewakopesha watu bila kuandika, wanaokudai watajitokeza, unaowadai watanyamaza. Andika madeni ya pande zote mbili, na mwenzi wako ajue daftari linakaa wapi, na laini inayopokea malipo ya wateja imesajiliwa kwa jina la nani.