Fangasi wa Mikono: Maana, Dalili na Tiba

Fangasi wa mikono ni maambukizi ya ngozi ya viganja, migongo ya mikono au katikati ya vidole, yanayoletwa na vimelea vya jamii ya kuvu vinavyokula keratini, yaani protini ngumu inayojenga tabaka la juu la ngozi pamoja na kucha na nywele. Jina lake la kitabibu ni tinea manuum, na kimelea kinachoongoza kwa kuuleta ni Trichophyton rubrum, kilekile kinacholeta fangasi wa miguu.

Undugu huo na miguu ndio wa kuzingatia kuliko yote. Mtu mwenye fangasi wa nyayo hujikuna na kubandua ngozi iliyokufa kwa mkono aliouzoea, na kimelea kikahamia huko. Ndiyo maana madaktari wa ngozi hukutana mara kwa mara na mgonjwa mwenye miguu yote miwili iliyoathirika na mkono mmoja tu. Anayetibu kiganja huku ameacha nyayo zikiendelea kubanduka ataurudia ugonjwa baada ya muda mfupi. Wengine huambukizwa na wanyama, hasa paka na ndama wenye mabaka yaliyonyonyoka manyoya.

Kwenye kiganja ngozi huwa kavu na nene, na magamba membamba meupe hujikusanya ndani ya mistari ya kiganja; kuwasha kunaweza kuwa kidogo au kusiwepo kabisa. Kwenye mgongo wa mkono hutokea duara lenye ukingo mwekundu ulioinuka na katikati iliyotulia, ambalo wengi hulijua kama choa. Ukurutu unaotokana na sabuni, kwa upande mwingine, kwa kawaida hushika mikono yote miwili. Pakiwa na shaka, mhudumu hukwangua magamba machache, huyatia kemikali ya potasiamu haidroksaidi na kuyatazama kwa hadubini. Ni kipimo rahisi, na inasikitisha kwamba mara nyingi kinarukwa.

Matokeo ya kukiruka ni mgonjwa kuuziwa krimu yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho isiyoua kuvu, kama betamethasoni au klobetasoli, peke yake au ikiwa imechanganywa na dawa nyingine. Wekundu na muwasho hupungua, mgonjwa hufurahi, lakini kinga ya ngozi imelazwa na kuvu huendelea kutambaa bila sura yake ya kawaida, hata daktari akapata shida kuutambua.

Tiba ya kwanza ni ya kupaka: terbinafini ya asilimia 1, au klotrimazoli ya asilimia 1 mara mbili kwa siku kwa takriban wiki 4, bila kuacha siku ngozi inapoonekana safi. Mafuta ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3, ni ya zamani na nafuu, nayo husaidia kuondoa magamba, ingawa huchoma kwenye ngozi iliyochanika.

Weupe uliolowana katikati ya vidole vya dobi au mama lishe mara nyingi huletwa na kandida, aina nyingine ya kuvu. Huo hutibiwa kwa klotrimazoli na kukausha mikono vizuri, kwa kuwa griseofulvini, dawa ya zamani ya vidonge vya fangasi, haiuwezi.

Ngozi ya kiganja ikiwa nene sana, au kucha zikiwa zimeingiliwa, dawa ya kupaka haitoshi. Terbinafini ya vidonge vya miligramu 250 hutumika mara moja kwa siku, kwa kawaida wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu, na daktari huuliza kwanza kuhusu ini na ujauzito kabla ya kuiandika.