Kabla ya kusema plastiki imeonekana kwenye damu

Kila tunapozungumza na wananchi kuhusu plastiki, swali la kwanza huwa: nikapimwe wapi? Ukweli ni kwamba hospitalini hakuna kipimo cha kawaida cha plastiki mwilini, wala hakuna kiwango ambacho daktari anaweza kukisoma akasema hiki ni salama, hiki kimezidi. Anayekuuzia dawa ya "kusafisha plastiki" muulize atajuaje kuwa imetoka.

Watafiti, hata hivyo, wanapima. Maikroplastiki ni chembe ya plastiki isiyozidi milimita 5, lakini zinazotafutwa kwenye damu ni nyembamba kuliko unywele, jicho haliwezi kuziona. Mwaka 2022 wanasayansi wa Uholanzi walipima damu ya watu 22 wenye afya, wakakuta plastiki kwa 17. Damu ilichujwa, kisha kilichobaki kwenye chujio kikapashwa joto kali bila hewa mpaka plastiki ikavunjika ikawa gesi. Kila aina ya plastiki hutoa gesi zake, na mashine huzitambua. Iliyojitokeza kwa watu wengi zaidi ni PET, plastiki ya chupa za maji.

Njia nyingine ni kuimulika chembe kwa leza. Ndivyo walivyofanya Waitalia mwaka 2021 walipopima makondo 6 ya nyuma na kukuta chembe 12 katika manne. Leza huonyesha chembe moja moja. Joto hukupa uzito bila idadi. Kwa hiyo usichukue namba za njia moja ukazipambanisha na za nyingine.

Kazi ngumu hasa ni kujua plastiki uliyoiona imetoka wapi. Sindano ni plastiki, mirija ni plastiki, vumbi la chumba limejaa nyuzi za polista, plastiki ya nguo. Wale Waitalia walivaa glavu za pamba chumba cha kujifungulia na kubana kitovu kwa vibanio vya chuma. Maabara makini hupitisha pia sampuli tupu: chombo kisicho na damu wala nyama, kinachopita hatua zote zilezile. Chembe zikionekana humo, ni zetu wenyewe. Hata glavu za kawaida huacha unga ambao mashine inaweza kudhani ni poliethilini, plastiki ya mifuko. Mafuta ya mwili nayo yakichomwa hutoa gesi zinazofanana na za poliethilini, na hapo ndipo wakemia wengine walipoupinga utafiti uliotoka New Mexico, Marekani, mwaka 2025, uliosema umekuta plastiki kwenye ubongo.

Somo hili liko karibu nasi. Mwanza, watafiti walipasua matumbo ya sangara na sato wa Ziwa Viktoria. Vitu vilivyodhaniwa kuwa plastiki vilikutwa kwa asilimia 55 ya sangara. Vilipothibitishwa kwa mashine, ikabaki asilimia 20.

Mwaka 2024 Waitalia wengine walifuatilia wagonjwa 257 waliosafishwa mshipa wa shingo. Waliokutwa na plastiki kwenye mafuta yaliyoganda humo walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo mara 4.5 zaidi ya wenzao. Wenyewe waliandika kwamba hilo halithibitishi plastiki ndiyo chanzo, na kwamba uchafuzi wa sampuli hauwezi kukanushwa kabisa. Naafiki. Lakini namba hiyo siwezi kuipuuza, na nyumbani kwangu uji wa moto hauingii tena kwenye kopo la plastiki.