Je, kila shilingi ya ukarabati hurudi ukiuza nyumba?

Wengi hapa Mtwara wanaamini kwamba ukiweka milioni 10 kwenye marumaru, jipsamu na madirisha ya alumini, bei ya nyumba nayo itapanda kwa milioni 10 au zaidi. Imani hii ina asili yake: habari za gesi asilia zilipovuma, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijakamilika mwaka 2015, wageni walitafuta nyumba nzuri kwa pupa.

Bei, hata hivyo, huamuliwa na mfuko wa mnunuzi na mtaa wenyewe kuliko risiti za fundi. Nyumba ya mtaa wa Shangani haishindani kwa bei na ya mtaa wa Chikongola, japo yote ni mitaa ya hapa Mtwara. Msimu wa korosho nao una lake: fedha za mnada zikishaingia, wanunuzi huonekana; kabla ya hapo, utasubiri.

Kinacholipa zaidi mara nyingi hakipendezi machoni: paa lisilovuja, choo kizima, na hati isiyo na mgogoro. Pitisha kiganja ukutani, chini karibu na sakafu. Ukitoka na unga mweupe, hiyo mara nyingi ni chumvi, pengine ya mchanga wa baharini, na rangi mpya itabanduka tu. (Mafundi wanaijua hii, ila si wote watakwambia.)

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, waulize madalali watatu nyumba kama yako ziliuzwa kwa kiasi gani, siyo zilitangazwa kwa kiasi gani. Hati ikaguliwe ofisi ya ardhi.