Kiunzi cha seli si mifupa

Jina ndilo linalotupoteza. Mtu akisikia "kiunzi cha seli", yaani mtandao wa nyuzi za protini ndani ya seli, anawaza nguzo na boriti zilizosimikwa zikatulia.

Dhana: nyuzi hizi zikishajengwa, zimejengwa.

Hapana. Itazame mikrotubuli moja, mojawapo ya nyuzi hizo, kwenye darubini. Inarefuka taratibu, tubulini (protini inayoijenga) moja baada ya nyingine, mara inaporomoka kwa kasi kuliko ilivyokua. Jirani yake, kwenye maji yaleyale, bado inarefuka. Wanabiolojia Tim Mitchison na Marc Kirschner waliieleza tabia hii mwaka 1984. Siri iko nchani. Tubulini hufika ikiwa imebeba GTP, molekuli ndogo yenye nishati, na ikishaungana na wenzake GTP hiyo huvunjwa kuwa GDP, yenye nishati kidogo. Maadamu ncha bado ina kofia ya GTP, uzi hushikamana. Kofia ikiisha, kuta zinafumuka na kujikunja kwenda nje mithili ya pembe za kondoo dume. Tena huko si kuharibika: seli inapogawanyika, kromosomu huvutwa na mikrotubuli zinazofupika.

Dhana: uzi ni uzi, zote ni laini.

Molekuli za maji, zikitikiswa na joto, huzigonga nyuzi hizi bila kukoma, kwa hiyo wanafizikia huuliza: uzi utakwenda umbali gani kabla ya misukosuko hiyo kuupotezea mwelekeo? Aktini, aina nyingine ya uzi, yenye unene wa nanomita 7 hivi, hufika maikromita 10 hadi 17. Mikrotubuli hufika milimita kadhaa, mara nyingi zaidi ya upana wa seli yenyewe. Ni bomba lenye uwazi ndani, upana wake nanomita 25 kutoka ukingo hadi ukingo, na protini iliyopangwa pembeni hukataa kupinda zaidi kuliko kama ingelundikwa katikati. Basi ukiiona imepinda ndani ya seli, usisingizie joto. Kuna kitu kinaisukuma.



Dhana: uzi mgumu ndio imara.

Hii ndiyo ninayotamani ife kabla ya nyingine zote. Nyuzi za keratini, aina ya tatu, hupinda kirahisi kuliko aktini na mikrotubuli, lakini ukizivuta hurefuka zaidi ya maradufu bila kukatika, na kadiri unavyozivuta ndivyo zinavyokaza. Mtu akizaliwa na kasoro kwenye jeni ya keratini 5 au 14, ngozi yake huota malengelenge kwa msuguano mdogo tu, kwa sababu seli za tabaka la chini zinapasuka.