Je, wajua kwa nini dakika 15 za Kijerumani kila siku hushinda kikao kirefu cha Jumamosi?

Anayejifunza Kijerumani kwa programu ya simu hukutana mapema na jambo la kushangaza: neno alilolijibu sawasawa juzi linarudi leo, linarudi tena baada ya siku nne, kisha baada ya wiki mbili, kana kwamba programu haiweki kumbukumbu ya majibu yake. Nilipoanza, niliamini kuwa marudio hayo ni hasara ya muda. Niliacha vipindi vya dakika 15 vya kila siku, nikajitengea kikao kimoja cha saa mbili kila Jumamosi, kwa hesabu kwamba dakika ni dakika, ziwe zimekusanywa au zimetawanywa.

Jumamosi moja nilijifunza vyombo vya mezani: der Löffel ni kijiko, die Gabel ni uma, das Messer ni kisu. Vitu vitatu vinavyolala kando ya sahani moja vina jinsia tatu tofauti za kisarufi (der ni ya kiume, die ya kike, das si ya kiume wala ya kike), na Löffel na Gabel, ingawa yanaishia kwa herufi zilezile, hayakubaliani jinsia. Niliyarudia mpaka nikawa nayajibu kabla macho hayajamaliza kusoma swali. Jumamosi iliyofuata skrini ilinionyesha picha ya uma, nami nikaandika der Gabel bila kusita hata kidogo.

Kosa langu lilikuwa katika kipimo. Nilipima ujuzi wangu kwa wepesi wa jibu mwishoni mwa kikao, nikadhani wepesi huo ni dalili kwamba neno limekaa. Wepesi ulikuwa wa kweli, lakini ulionyesha tu kwamba neno lilikuwa limetajwa dakika chache zilizopita. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Wengine wakavisoma tena, wengine wakajaribu kuvieleza bila kuvitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, wakaongoza waliojitahidi kukumbuka. Waliosoma mara nyingi ndio pia waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Mwanafunzi akiulizwa papo hapo ni njia ipi inamfaa, atachagua kwa dhati ile inayomsaidia kidogo, na mimi nilichagua hivyo kila Jumamosi.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1885, alijipima yeye mwenyewe: alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akasubiri, kisha akajifunza upya orodha zilezile na kuhesabu ni kiasi gani cha kazi alichookoa. Baada ya dakika 20 aliokoa takriban asilimia 58. Baada ya siku moja, asilimia 34. Baada ya siku 31, asilimia 21. Alipata pia kwamba marudio 68 ya orodha ya silabi 12, yakifanywa yote katika siku moja, yalimfaa kesho yake sawa na marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu. Marudio 30 yaliokolewa kwa kungoja tu! Ni kweli kwamba huyo alikuwa mtu mmoja, na silabi tupu hazina pa kushikiwa kama neno halisi; lakini faida ya kutawanya mazoezi imeonekana tena na tena kwa watu wengi tangu wakati huo.

Kungoja kunasaidiaje? Fikiria njia ya miguu kwenye nyasi, kutoka nyumbani hadi kisimani. Ukipita mara 30 katika saa moja, kuanzia mara ya pili huhitaji kuitafuta. Nyasi bado zimelala, na miguu inakwenda yenyewe. Ukirudi kesho, nyasi zimeinuka kidogo: unasimama, unatazama, unaukumbuka mwembe ulio upande wa kulia, na mwembe huo unakuwa alama yako. Ukirudi baada ya siku nne, unatafuta zaidi, na alama zinaongezeka. Kinachoifanya njia ikae ni ule utafutaji, na hakuna utafutaji bila kusahau kidogo. Ukichelewa mno, nyasi zinaifunika njia, na kazi inaanza upya.

Ndiyo maana neno hurudi kwa vipindi vinavyorefuka. Mwandishi Sebastian Leitner alilieleza hilo kwa visanduku vya kadi katika kitabu chake cha mwaka 1972: kadi uliyoijibu sawasawa husogea kwenye kisanduku kinachofunguliwa mara chache zaidi, na uliyoikosea hurudi cha kwanza. Programu nyingi za leo hufanya kazi hiyo kwa hesabu, kwa kila neno na kila mtumiaji.

Maneno hayadai marudio sawa. Die Schule halimsumbui Mswahili, kwa kuwa neno shule limetoka huko, kama hela ilivyotoka kwa Heller, sarafu ya koloni la Wajerumani. Das Mädchen, yaani msichana, halina jinsia ya kike kwa sababu kiishio -chen cha udogo huliamulia neno zima, na anayesema "kitoto kile kinalia" anaona mara moja jinsi udogo unavyobadilisha upatanisho. Die Gabel halina msaada wa namna hiyo. Linahitaji kupitiwa tu.

Kuna tahadhari moja. Programu ikikupa machaguo manne, unaweza kulitambua jibu bila kulitafuta, na hapo faida hupungua. Siku hizi picha ya uma ikitokea, mimi huyafunika machaguo kwa kiganja, nikalitamka neno pamoja na die yake, ndipo nikainua mkono. Mara ya mwisho nilisita kwa pumzi mbili kabla halijaja.