Nozeli kubwa siyo moto mkali zaidi jamani

Watu wengi wanaoanza kazi ya glasi na tochi ndogo ya gesi ya mkononi wanaamini ukifunga nozeli (kile kichwa cha mbele ambapo moto unatokea) yenye tundu kubwa ndo moto unakuwa mkali zaidi. Sio hivyo. Ukali wa moto unatokana na gesi yenyewe na oksijeni unayoichanganya nayo, propani na oksijeni safi inafika kama nyuzi 2,800 za Selsiasi hivi, propani na hewa ya kawaida ni kama 2,000 tu, na hiyo haibadiliki eti kwa sababu tundu limepanuka. Tundu linabadilisha wingi wa joto na upana wa mwali, yaani unapasha eneo kubwa kiasi gani kwa mara moja.

Sasa hapa ndo wanajichanganya, wanafunga tundu kubwa halafu gesi wanaibana ili wapate mwali mwembamba, na kwa tochi zinazochanganya gesi na oksijeni ndani kabla ya kutoka, matokeo yake gesi inatoka polepole kuliko moto unavyokimbia, moto unarudi ndani ya nozeli, paa! Mtu anadhani tochi mbovu (mi mwenyewe nilidhani hivyo). Funga ndogo tu.

Kuweka nukta au kuunga uzi mwembamba wa glasi, tundu moja dogo linatosha. Kipande kinene tafutia nozeli ya matundu mengi, mwali wake mpana na mpole, glasi haishtuki ikapasuka. Na namba zilizogongwa kwenye nozeli usilinganishe za kampuni hii na ile, kila mmoja ana zake.